Betri ya mwaka mmoja: kisa cha laptopu iliyoishi kwenye chaja

Mteja alikuja kesi ameshaikata mwenyewe: betri ni feki, nimuuzie nyingine, na safari hii nimfundishe kuitunza ili idumu. Anaishi bedsita upande wa Kasarani, hapa Nairobi, na kazi yake ni kunakili sauti. Anasikiliza mahojiano na mikutano kwa hedifoni na kuyaandika neno kwa neno kwa kampuni za nje, akilipwa kwa dakika ya sauti. Stima ikipotea katikati ya faili na laptopu ikazima, saa ya kuwasilisha haisimami kumngoja. Akichelewa, faili inapewa mtu mwingine.

Laptopu yenyewe ni ya inchi 14, zile za maofisini zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika, ambazo mjini tunaziita ex-UK hata zikiwa zimetoka kwingine. Aliinunua ikiwa na betri iliyochoka, akaiwekea mpya karibu mwaka mmoja uliopita, kwenye duka ambalo si langu. Siku za mwanzo alikuwa anapata takriban saa tano nje ya chaja. Sasa anapata saa moja na nusu, na akiwa na mkutano wa video hata hiyo haifiki.

"Nilifuata masharti yote, fundi," aliniambia. "Niliichaji saa nane kabla ya kuiwasha. Kila Jumapili naitumia mpaka izime yenyewe. Siku zingine siitoi kwa chaja, ndio stima ikienda inikute nimejaa."

Nilimwambia akae kwanza. Betri tungeiongelea baada ya kuona laptopu yenyewe inasema nini.

Ripoti ambayo hakuna anayeisoma

Windows ina ripoti ya betri ambayo wenye laptopu wengi hawajawahi kuifungua. Unaingia Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika powercfg /batteryreport, unabonyeza Enter, na faili inahifadhiwa kwenye folda ambayo utaandikiwa hapo hapo. Inafunguka kwenye kivinjari kama ukurasa wowote. Haihitaji intaneti wala kulipia kitu. Fundi anayekutajia bei ya betri kabla ya kuitazama ripoti hiyo anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako.

Ya mteja huyu ilikuwa na namba tatu za kuanzia. "Design capacity", kiasi ambacho kiwanda kilikusudia betri ibebe, ilikuwa mWh 50,000, yaani wati-saa 50. "Full charge capacity", kiasi inachobeba sasa ikijaa, ilikuwa 30,100. Na "cycle count", hesabu ya mizunguko ya chaji, ilikuwa 74.

Mbili za kwanza zilimuunga mkono: betri imebaki na asilimia 60 ya nguvu zake, na umri wake ni karibu mwaka mmoja tu. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nivute kiti karibu. Mzunguko mmoja unahesabiwa matumizi yakijumlika kufika asilimia 100; ukitumia nusu leo na nusu kesho, huo ni mmoja. Betri nyingi za laptopu hutengenezwa zikilenga kati ya mizunguko 300 na 1,000 kabla ya kushuka hadi asilimia 80. Hii imefika 60 kwa mizunguko 74. Kwa lugha nyingine, kazi iliyofanya ni ndogo sana. Ilizeeka ikiwa imekaa tu kwenye chaja.

Lakini betri feki nayo inaweza kutoa picha kama hiyo, kwa hiyo lawama yake ilistahili kupimwa. Chini zaidi kwenye ripoti kuna historia ya uwezo wa betri, wiki kwa wiki. Wiki za kwanza ilikuwa inajaa karibu 49,800. Kufika mwezi wa sita ilikuwa 41,500. Kutoka hapo ikateremka pole pole, bila kuruka, hadi hii 30,100. Seli mbovu huwa haiendi hivyo. Mara nyingi unaona namba imeporomoka ghafla kati ya wiki moja na nyingine. Sehemu nyingine ya ripoti inaonyesha makadirio ya muda wa matumizi, na wiki zile za mwanzo ilisema karibu saa tano. Wati-saa 50 zikikaa saa tano, laptopu inakula wati 10 hivi, kiwango cha kawaida kabisa kwa mashine ya aina hiyo. Kama betri ingekuwa imejazwa seli dhaifu na kubandikwa lebo ya uongo, zile saa tano asingezipata hata wiki moja. Duka lile lilimuuzia kitu halali.

Hesabu iliyokataa kulingana

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu. Kama betri imebaki na wati-saa 30 na laptopu inakula wati 10, mteja anapaswa kupata saa tatu. Anapata saa moja na nusu. Nusu nzima imeenda wapi?

Ripoti ina jedwali la matumizi ya siku chache zilizopita: lini laptopu ilitolewa kwenye chaja, kwa muda gani, na ilichukua nishati kiasi gani. Mstari mmoja ulisema dakika 42, mWh 13,900. Ukigawanya nishati kwa muda unapata karibu wati 20. Mistari mingine ilikuwa karibu na hapo. Kwa hiyo betri ilikuwa imepungua, na laptopu nayo ilikuwa imeongeza ulaji mara mbili. Betri mpya ingeponya tatizo moja tu kati ya hayo mawili. Angetoka dukani na saa mbili na nusu badala ya tano, na baada ya mwezi angerudi akiniita mimi tapeli.

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike, kwa sababu kila mara naona watu wakinunua betri kama dawa ya kila kitu. Nishati yote ambayo laptopu inakula inaishia kuwa joto, na joto hilo linatokea sentimita chache tu kutoka ilipo betri. Mashine inayokula wati 20 bila sababu inamaliza chaji haraka leo, na hapo hapo inaipika betri kwa ajili ya mwaka ujao.

Tuliiwasha akiwa hajafungua kitu chochote. Task Manager ilionyesha prosesa inafanya kazi theluthi moja ya uwezo wake. Kulikuwa na antivirusi mbili, moja ikiwa ile iliyokuja na laptopu ambayo leseni yake ilishaisha, zikikagua faili zile zile. Kila faili ya sauti aliyopakua ilikuwa inakaguliwa mara mbili. Kivinjari kilikuwa na viongezo ambavyo hakukumbuka kuviweka. Mwanga wa skrini ulikuwa mwisho kabisa, na hilo alikuwa na sababu nalo: meza yake iko dirishani.

Kisha nikafungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na mapezi ya shaba yanayopoza prosesa kulikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha godoro. Ungeweza kulichomoa zima kwa koleo. Feni ilikuwa inazunguka kwa kelele na hewa haitoki. Pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupasuka. Kabla ya kuifungua nilikuwa nimeshapima kwa kipimajoto cha miale: sehemu ya chini ilipo betri ilikuwa nyuzi 43, ikiwa mezani kwangu, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Nikamuuliza kwake huwa inakaa wapi. Mchana mezani, alisema, na usiku kitandani, juu ya blanketi, kwa sababu faili za Marekani huingia usiku.

Nairobi si Garissa wala Mombasa. Hali yetu ya hewa ni rafiki wa betri, na ni nadra siku ya mjini kupita nyuzi 30. Joto lililoiua betri hii halikutoka angani. Lilitoka ndani ya laptopu yenyewe, likafungiwa njia na vumbi, kisha likafunikwa na blanketi.

Kinachotokea ndani ya seli

Seli ya lithiamu ina grafiti upande mmoja na oksidi ya metali yenye lithiamu upande wa pili, na katikati kuna majimaji yanayopitisha ayoni. Ikijaa kabisa hufika volti 4.2 hivi, na nyingine za kisasa huzidi kidogo. Kwenye volti hizo za juu yale majimaji hayatulii. Yanamenyuka pole pole na kila yanachogusa, na utando ulio juu ya grafiti unaendelea kunenepa ukimeza lithiamu, ile ile iliyokuwa ya kubeba chaji. Ikishamezwa hairudi, hata ufanye nini na chaja yako. Joto linaharakisha kazi hiyo; kanuni ya jumla ni kwamba kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mwendo wa mmenyuko unakaribia kuwa maradufu.

Takwimu ambazo mafundi wa betri hupenda kuzitaja zinatoa picha nzuri. Seli iliyowekwa mwaka mzima ikiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye nyuzi 25 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa ikiwa imejaa kabisa kwenye nyuzi 40, hubaki na 65 hivi. Na hizo ni seli zilizowekwa tu, hazikuendesha kitu. Betri ya mteja wangu ilikaa karibu mwaka mzima imejaa pomoni, ndani ya laptopu iliyokuwa na nyuzi 43 upande wa chini, ikabaki na 60. Ukijua hivyo, ile namba ya mizunguko 74 haishangazi tena.

Sasa turudi kwenye masharti yake. Kuchaji saa nane kabla ya kuwasha ni ushauri wa betri za nikeli, zile za redio za mkononi na simu za kwanza. Sony walianza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, na bado ushauri wa nikeli unasambazwa madukani kama sala. Betri ya lithiamu ikijaa, sakiti inakata chaji yenyewe. Saa zinazobaki ni za kukaa imejaa tu. Haikumuumiza sana kwa siku moja. Haikumsaidia pia.

Kuimaliza kila Jumapili ni mrithi wa nikeli vile vile. Betri za nikeli-kadimiamu zilikuwa na tabia ya kukumbuka zilipozoea kuachiwa, kwa hiyo zilihitaji kumalizwa. Za lithiamu hazina tabia hiyo. Kwake sehemu kubwa ya ile mizunguko 74 ilitokana na Jumapili hizo: betri ilifanyishwa kazi bure siku ya mapumziko. Kuishusha mpaka laptopu izime kuna matumizi mamoja tu, kusahihisha kipimo pale asilimia zinapodanganya, kwa mfano ikionyesha 25 kisha ikazima ghafla. Hilo ukilifanya mara moja baada ya miezi kadhaa inatosha, na haliongezi uwezo hata chembe.

Kibaya zaidi ni kuiacha ikiwa tupu. Anayefunga laptopu iliyozima kwa kukosa chaji, akaitupa kabatini na kwenda ushago Krismasi nzima, anaweza kurudi akute seli zimeshuka chini ya kiwango ambacho sakiti ya ulinzi inakubali kuzichaji. Laptopu ya kuwekwa iache ikiwa na nusu.

Sharti la tatu, la kutoitoa kwenye chaja, ndilo lililofanya uharibifu. Na ndilo pekee lililokuwa na sababu ya maana.

"Na stima ikienda?"

Nilipomwambia kuna mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, hakunikubalia, na alikuwa na haki. "Fundi, hapo kwetu stima haipigi hodi. Unataka inikute na robo imepungua?"

Nilimwandikia hesabu nyuma ya risiti. Betri mpya iliyojaa asilimia 100, kwenye laptopu inayokula wati 20, inampa saa mbili na nusu. Betri hiyo hiyo ikizuiwa kwa 80 ina wati-saa 40. Laptopu ikirudi kula wati 10, inampa saa nne. Akisafisha mashine halafu akaweka kizuizi, anabaki na muda mwingi kuliko aliye na betri iliyojaa kwenye mashine chafu. Aliirudia hesabu kwa kalkuleta ya simu kabla ya kunyamaza.

Zile siku ambazo Kenya Power wametangaza mapema kwamba mtaa wenu utakatwa, ondoa kizuizi usiku wa kuamkia na ujaze hadi 100. Siku moja moja haina neno. Betri inaumizwa na mazoea ya miezi. Ama majanga makubwa, kama usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilipoingia gizani kwa saa nyingi, hakuna betri ya laptopu ambayo ingemfikisha asubuhi, iwe 80 au 100.

Kuna mwizi mwingine ambaye hakuwa amemhesabu. Stima ikipotea, waifai ya ploti inapotea nayo, kwa hiyo anawasha hotspot ya simu, na kwa kuwa simu inaisha haraka anaichomeka kwenye laptopu. Simu ya mAh 5,000 inabeba karibu wati-saa 19. Akiijaza nusu tu kutoka kwenye laptopu amejinyang'anya karibu saa nzima ya kazi. Pawabanki ndogo ya simu ilikuwa nafuu kwake kuliko kushauriana nami juu ya asilimia 80.

Kuchagua betri mpya

Ushauri wangu ulikuwa asinunue betri siku hiyo. Tusafishe, atumie ile ya zamani ambayo sasa ingempa saa tatu, aweke pesa. Alikataa. Alikuwa na mteja wa mikutano mirefu na hakutaka kukaa roho juu. Pesa ni zake, tukatafuta betri.

Kwenye maduka ya Luthuli na Moi Avenue utaonyeshwa betri tatu za laptopu moja kwa bei tatu, zote zikiitwa original, zote na stika inayong'aa. Stika iache. Soma lebo. Zidisha volti kwa mAh, gawanya kwa 1,000, na upate wati-saa: volti 11.52 mara mAh 4,345 ni 50, na hapo namba zinasemezana. Lebo ambayo volti zake na mAh zake hazizai wati-saa zilizoandikwa pembeni yake imechapishwa na mtu asiyejua anachokiuza.

Laptopu za zamani zinazotumia seli za mviringo zina mtego wake. Seli ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kwa ile bora kabisa hubeba karibu mAh 3,500. Betri ya seli sita huwa na mbili mbili sambamba, kwa hiyo dari yake ni mAh 7,000 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, irudishe kwenye rafu bila kubishana.

Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa. Betri inazeeka hata ikiwa kwenye boksi, na iliyokaa dukani miaka mitatu inauzwa kwa bei ya mpya. Ukishaiweka kwenye laptopu, toa ripoti hapo hapo kaunta: mizunguko iwe sufuri au michache sana, na uwezo wa kujaa ukaribiane na ule wa kiwandani. Ila chipu ya betri inaweza kufutwa na kuandikwa upya na anayefunga seli chakavu kwenye ganda jipya, kwa hiyo namba hizo peke yake si kiapo. Kipimo chenye nguvu ni kazi: itumie kutoka 80 hadi 30, kisha angalia kwenye ripoti imetoa nishati kiasi gani. Nusu ya betri ya wati-saa 50 ni 25. Ikitoa 14 na kuzima, una ushahidi wa kumrudishia muuzaji, mradi ulidai risiti yenye muda wa dhamana kwa maandishi. Dhamana ya mdomo mjini haivuki barabara.

Ilipopatikana iliyopita vipimo hivyo, nilimwekea, nikachaji kidogo, nikamwambia aitumie. Hakuna sherehe ya siku ya kwanza.

Kilichofanyika

Kusafisha feni, pasta mpya, kuondoa antivirusi moja na vile viongezo. Meza ilisogezwa kutoka dirishani ili mwanga wa skrini ushushwe, na kitandani sasa kuna ubao wa kukatia mboga chini ya laptopu, wazo lake mwenyewe. Programu ya kusikilizia sauti aliyokuwa akiitumia ndani ya kivinjari alibadilisha akaweka ile ya kusimama yenyewe. Ulaji ulishuka hadi wati 10 na kitu akiwa anaandika.

Kizuizi cha chaji tulikiweka 80. Mahali pa kukitafuta hutegemea mtengenezaji: Lenovo kiko ndani ya programu ya Vantage, ASUS kwenye MyASUS, HP na Dell za ofisi nyingi unaingia BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuanza, na kutafuta sehemu ya betri, na Apple wana mpangilio unaojifunza ratiba yako na kuchelewesha ile asilimia 20 ya mwisho. Anayetumia Linux anaweza kuweka kiwango kupitia programu ya TLP kwenye mashine zinazokubali. Laptopu isiyo na mpangilio wowote, zima soketi ikikaribia 80 ukikumbuka, na usipokumbuka usikose usingizi. Kupunguza joto ni kazi unayoweza kuifanya kwenye laptopu yoyote, hata ile ambayo programu zake hazikusikilizi.

Wapo wanaotoa betri kabisa na kutumia chaja peke yake, kwa zile inazotoka kwa urahisi. Hapa Nairobi siwezi kumshauri mtu anayeandika kwa malipo kufanya hivyo. Stima ikipepesa sekunde moja, ukurasa mzima umekwenda.

Matokeo

Alipita baada ya miezi sita kununua chaja, nikaomba nitoe ripoti. Uwezo wa kujaa: 48,600 kati ya 50,000. Betri ya zamani, kwa historia ile ile tuliyoisoma mwanzoni, ilikuwa 41,500 ilipofika umri huo. Mizunguko ilikuwa 61. Betri hii imefanya kazi nyingi zaidi kwa miezi sita, kwa sababu sasa haogopi kuichomoa, anaenda nayo maktaba na kwa dadake Ruiru, na bado imezeeka kidogo kuliko ile iliyolindwa kama yai.

Nisidai zaidi ya namba zilizopo. Tulibadilisha joto na kizuizi kwa pamoja, kwa hiyo kisa hiki hakiwezi kutenganisha kila kimoja kimechangia kiasi gani. Kwa kuzitazama zile takwimu za seli zilizohifadhiwa, ningeweka dau langu kwa joto kwanza. Pia ni laptopu moja ya mtu mmoja anayeandika. Mwenye kuhariri video atakula wati nyingi hata mashine ikiwa safi, na hesabu yake ya 80 au 100 itakuwa tofauti.

Aliniuliza kama akizuia kwa 60 ataongeza maisha zaidi. Ataongeza, ndiyo. Lakini wati-saa 30 ndizo zilizomleta dukani kwangu akilalamika, na sioni maana ya mtu kununua betri ya 50 ili aishi kama mwenye 30. Kwa laptopu isiyotoka mezani kabisa, yenye stima ya uhakika, 60 ni sawa. Kwake nilimwacha kwenye 80.

Betri ya zamani ilibaki kwangu. Haikuwa imevimba, ingawa niliibonyeza pembeni kwa kidole kuhakikisha. Iliyovimba, ile inayoinua padi ya kugusia mpaka kubofya kunakuwa kugumu, hata kuitumia hadi jioni siruhusu. Niliziba ncha zake kwa utepe na kuiweka kwenye ndoo ya mchanga pamoja na nyingine. Ndoo ikijaa zinapelekwa WEEE Centre, wanaopokea taka za kielektroniki hapa Nairobi. Kwenye pipa la ploti haziendi: lori la taka linazibana, na lithiamu iliyotobolewa inawaka ikiwa njiani kwenda Dandora.